Bomba Lililohamishiwa Bondeni

Marsiti hakuwahi kuandika namba ambayo hakuiona kwa macho yake. Hiyo ndiyo kanuni aliyojiwekea siku ushirika wa wakulima wa Mfereji wa Saba ulipomkabidhi daftari la maji, na kwa miaka tisa hakuna aliyeweza kumpindisha. Siku za mvua alikwenda amejifunika mfuko wa mbolea. Asubuhi ya kumzika mumewe alikwenda kupima kwanza, kisha akarudi msibani.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Katikati ya michikichi yetu palisimikwa bomba la plastiki lenye matundu, likashuka mpaka kwenye udongo wa mfinyanzi. Marsiti alitumbukiza ufito wenye alama, akaona maji yako sentimita ngapi chini ya uso wa ardhi, akaandika. Kisha aliituma namba hiyo kwa simu mahali pawili: kwenye kiwanda cha mawese, na kwenye kituo cha zimamoto cha wilaya.

Ardhi yetu hapa mkoani Riau ni mboji tupu, majani na magogo yaliyolala majini maelfu ya miaka bila kuoza. Ikiwa na maji imetulia. Ikikauka huanza kuoza na kupanda angani, kimyakimya, hata pasipo moto. Bomba lile liliposimikwa lilichomoza upana wa kiganja. Miaka tisa baadaye lilichomoza dhiraa nzima, kama jino lililokimbiwa na ufizi. Bomba halikukua. Ardhi ndiyo iliyoshuka.

Mawese yetu huchanganywa na dizeli ya malori na mabasi. Wanunuzi huyasifu kwa kuwa hewa ya ukaa inayotolewa na lori, mchikichi huinyonya tena shambani. Hesabu hiyo ni ya kweli mradi mboji iwe na maji. Ikikauka, shamba hutoa gesijoto nyingi kuliko zile zilizookolewa barabarani, na sifa yote inageuka uongo. Kwa hiyo cheti chetu cha kuuzia mawese kilidai mkaguzi asikute maji yameshuka chini ya sentimita arobaini. Yakifika sitini, zimamoto huleta pampu na walinzi bila kungoja kuitwa.

Mwaka ule kiangazi kiliwahi. Wiki tano zilipita bila tone. Boti za ushirika zikakwama kwenye tope la mfereji, zimebeba mikungu ya chikichi ya kaya arobaini, na mikungu ikilala siku mbili kiwanda huikataa. Paryono, mdogo wake Marsiti wa tumbo moja na mwenyekiti wa ushirika, akaamuru mbao tatu za kizuizi kinachoyashikilia maji mferejini zing'olewe ili maji ya juu yazisukume boti. Boti zilifika. Maji hayakurudi.

Siku ya nne Paryono alimkuta dada yake amechuchumaa kwenye bomba.

"Ngapi?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Hamsini na nane."

"Mkaguzi wa cheti anakuja Alhamisi."

"Najua. Nitampikia chai."

"Usinichekeshe, dada. Hamsini na nane si ya kunywea chai. Akiiona hiyo, cheti kimekwenda, na mikungu ya watu itaozea mashambani msimu mzima."

"Ulipong'oa mbao hukuja kuniuliza."

"Ningekuuliza ungesema hapana."

"Basi jibu ulikuwa nalo."

Paryono alicheka kidogo, akakaa juu ya gogo na kuwasha sigara yake ya karafuu. Marsiti alimpokonya, akaizamisha ndani ya chupa ya maji ya kunywa.

"Una wazimu? Unawasha moto juu ya nini hapa?"

"Haya, samahani. Andika thelathini na nane. Siku hiyo moja tu."

"Hiyo thelathini na nane sijaiona."

"Wewe na macho yako. Unajua watu wanakuita Bi Ufito?"

"Mimi wananiita mbele yangu. Wewe unavyoitwa ukiwa umewapa mgongo, acha nisiseme."

Kesho yake Paryono alirudi na mkewe Lasmini, vibarua wawili na majembe. Hakusema neno juu ya kuandika. Mita thelathini hivi kutoka kwenye bomba palikuwa na kibonde, mahali ambapo mti mkubwa ulianguka zamani na ardhi ikabonyea. Pale maji yalikuwa karibu na uso. Vibarua waling'oa bomba, wakalichomeka kibondeni, wakalishindilia, wakatandaza makuti makavu ya michikichi juu ya udongo mpya.

"Hatukuombi uongo," Paryono alisema. "Utapima kama kawaida yako, utaandika utakachokiona."

"Maji ni yaleyale, Yono."

"Lakini namba si ileile. Wakiuliza maji yamepandaje, tutasema tumerudisha mbao."

Lasmini alimshika mkono. "Wifi, wajukuu wako nao wanakula kwa cheti hichohicho. Si siku nyingi. Mvua ikija tunalirudisha."

Marsiti alisimama pale hata vibarua wakaanza kuona haya. Mwishowe alitumbukiza ufito. Thelathini na saba. Akaandika thelathini na saba.

Hakuvunja kanuni yake. Ninaliandika hili lieleweke, si kwa kumtetea. Aliandika alichokiona, na alijua anachokiona si kweli. Mtu anaweza kushika maneno ya ahadi kwa mikono miwili na kuiacha ahadi yenyewe ianguke. Wala hakuwa peke yake. Kijiji kizima kilijua bomba limehama. Mimi nilipita pale nikitoka shule, nikayaona makuti makavu yaliyotandazwa, nikaendelea na safari yangu.

Mkaguzi alikuwa binti wa mjini mwenye viatu vipya vya mpira. Alipima mwenyewe, akaridhika, kisha akalitazama bomba.

"Mbona limechomoza kidogo hivi, mama? Kwenye mashamba ya jirani mabomba yanafika magotini. Ardhi yenu haishuki?"

Marsiti alimtazama nduguye.

"Tunaitunza," alisema Paryono.

Binti akaandika sifa. Ardhi iliyopotea kwa miaka tisa ilifutika kwenye karatasi moja.

Mvua haikuja. Kila asubuhi Marsiti alipima kibondeni: arobaini na moja, arobaini na tano, hamsini. Kila namba aliyoiona alijua aiongezee ishirini na moja apate ya kweli, na hiyo ya kweli hakuwa na mahali pa kuiandika. Alianza kutembea mashambani pekupeku, akisikiliza kwa nyayo kama ardhi ina joto. Aliweka ndoo za maji mlangoni. Akila wali na tempe ya soya, alisita katikati ya tonge na kunusa hewa, na wajukuu wakamwiga wakidhani ni mchezo. Siku moja alikwenda kwenye shimo la zamani la bomba, akachomeka ufito wote. Ulitoka mkavu, na vumbi jeusi limeganda kwenye alama.

Jumanne Syahril, mkuu wa kituo cha zimamoto, alimpigia simu.

"Mama Marsiti, kwenu maji mnayatoa wapi? Mfereji wa Tano wamefika sitini na sita. Wa Sita, sabini. Pampu zangu mbili nazipeleka kwao leo. Ninyi leo ni ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Alhamdulillahi. Wewe ndiye pekee ninayemwamini huko bila kwenda kuangalia."

Marsiti aliishusha simu, akalitazama daftari.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Kuna jambo?"

"Hakuna, mwanangu. Jua kali tu."

Alikata simu, akaketi kizingitini nayo mkononi. Jirani aliyemwona anasema alikaa vile mpaka adhana ya alasiri. Aliibonyeza namba ya Syahril mara mbili akaifuta. Kisha akaenda kwa Paryono, akamwambia bomba lirudishwe mahali pake siku hiyohiyo.

"Likirudi wataona imeruka toka hamsini na mbili mpaka sabini na tatu kwa siku moja," alisema Paryono. "Utawaambia nini? Kwamba ardhi ilikunywa pombe?"

"Nitawaambia tulivyofanya."

"Tulivyofanya nani? Daftari lina mwandiko wa nani, dada?"

Alirudi nyumbani. Jumatano aliandika hamsini na tatu.

Alhamisi baada ya adhuhuri moshi ulianza kutoka kwenye mashina ya michikichi upande wa mashariki. Ndimi za moto hazikuonekana. Ulikuwa moshi mweupe tu, unatoka ardhini kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa vibaya. Nani aliuanzisha, kipande cha sigara au mtu aliyechoma taka, hatukujua na hatutajua. Marsiti alimpigia Syahril kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Moto uko kwetu," alisema. "Na maji si hamsini na tatu. Ni sabini na nne, labda zaidi. Bomba tulilihamisha."

"Pampu ziko Mfereji wa Tano na wa Sita," alisema Syahril. "Nikizitoa sasa, wao wanaungua. Shikilieni kwa ndoo."

Tulishikilia kwa ndoo. Ukimwaga maji juu ya mboji iliyoshika moto, yanazima inchi tatu za juu, na chini yake moto unaendelea kutembea. Mchikichi unasimama wima, kijani, na mizizi yake imekwisha. Kisha unalala taratibu bila mtu kuugusa. Pampu ya kwanza ilifika siku ya tatu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Marsiti alisimama uani pa msikiti na kueleza yote, bila kumtaja ndugu yake kwa jina. Paryono alikuwa mstari wa mbele, akitazama viatu vyake. Hakusimama.

Moto uliishi chini ya ardhi siku kumi na tisa, mpaka mvua ilipokuja. Ziliungua hekta kumi na moja. Mbili zilikuwa za Marsiti, na tisa za familia nne ambazo hakuna aliyeziuliza lolote bomba lilipohamishwa. Ushirika ulinyang'anywa cheti. Familia tatu zilihama, na sasa mahali pale pamebaki dimbwi. Syahril alipiga hesabu ya moshi ule. Ili kuufidia, alisema, mawese ya hekta hizo yangelazimika kuendesha malori kwa zaidi ya miaka hamsini, na hakuna tena mchikichi wa kuyatoa.