Dawa Iliyosukumwa Nje

Wateja walimwita Kicheko, maana saluni yake uliisikia kabla hujaiona. Alikuwa msusi mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ulitoka kitini umependeza, mbavu zinauma.

Uvimbe kwenye titi aliugundua akioga. Alipoanza kutundikiwa dripu za dawa ya saratani, nywele zilimtoka zote.

"Msusi kipara!" aliwaambia wateja. "Sasa niaminini, sina nywele za kushindana na zenu."

Nyumbani hakukuwa na utani. Alitapika mpaka mumewe, fundi wa friji, akawa anamshika mabega asianguke. Kucha ziligeuka nyeusi. Mama mkwe, aliyekuja kuwasaidia na watoto, alimpangusa uso kwa kanga yenye maji.

"Vumilia, mwanangu. Ikikutesa hivi ujue inafanya kazi."

Akayashika maneno hayo. Kila alipoinama kwenye beseni alijiambia kuwa ugonjwa nao unakiona cha moto.

Kumbe uvimbe ulikuwa unakua. Daktari, mama wa makamo asiyezungukazunguka, aliwaeleza yeye na mumewe: "Seli za uvimbe wako zimejaa protini zinazofanya kazi kama pampu. Dawa ikiingia, zinaisukuma nje kabla haijaua seli hizo."

"Mbona nywele zimetoka?" Kicheko aliuliza. "Na kucha je?"

"Huko dawa ilifika. Kwenye uvimbe haikukaa."

"Nilikosea wapi, daktari? Sijakosa dripu hata moja."

"Hujakosea popote, dada."

Walibadilisha dawa. Ikatuliza mambo kidogo, kisha ugonjwa ukaingia kwenye ini, na daktari akasema sasa watamtibu maumivu tu.

Kilichomuuma Kicheko kuliko kufa ni kule kuteseka bure. "Siku zote zile ningecheza na wanangu," alimwambia mumewe, akageukia ukutani.

Mama mkwe alisikia. Akaja akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikudanganya."

"Hukunidanganya, mama. Ulinipa cha kushika."

Alifariki asubuhi moja ya mvua, mumewe akiwa ametoka kumnunulia maziwa. Aliporudi, alimkuta mama yake amepanda kitandani, amempakata mkwewe kama mtoto, na hakutaka mtu yeyote amguse.