Ndege Zilizogongana Juu Yetu

Asubuhi ya mwisho ya amani, Mama Idris alikuwa anapiga pasi sare ya mwanawe kibarazani, na Idris mwenyewe, akiwa na fulana na suruali ya kulalia, alikuwa ananitania kuhusu mlima.

"Kwenu kuna theluji," alisema.

"Hiyo ni Kilimanjaro. Kwetu ni Meru."

"Kwa hiyo mna mlima, ila si ule."

Nilikasirika kidogo, kama ambavyo mtu yeyote wa Arusha angekasirika. Mama Idris alicheka hadi akaweka pasi chini. Nilikuwa mpangaji wake, nikisomea udaktari wa mifugo katika mji wa nchi nyingine ambao sitautaja, kwa sababu yeye bado anaishi huko. Idris alikuwa mwanajeshi wa anga. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya rubani na ramani, amwonyeshe njia. Mama yangu alipopiga simu kutoka Moshono asubuhi hiyo, Idris alininyang'anya simu na kumwambia kwa Kiswahili nilichomfundisha, "Shikamoo mama, mtoto wako hapiki, anakula tu." Kuanzia hapo mama alimpenda. Kila alipopiga aliuliza, "Na yule mchokozi?"

Jioni Idris alivaa sare, akarudi kambini. Muda mfupi baadaye jeshi liligawanyika, mji nao ukagawanyika, na mtaa wetu ukaangukia mikononi mwa waasi. Kambi ya Idris ilibaki upande wa serikali, na ndege zake zikaanza kuja kutupiga.

Zilikuwa ndege nzito za mizigo. Watu walisema askari waliomo ndani husukuma mabomu kwa mikono kupitia mlango wa nyuma, na kwamba hata wao hawajui yataangukia wapi. Nililiwaza sana jambo hilo. Je, Idris angelitambua paa letu? Lilikuwa na tangi la maji la bluu, lakini karibu kila nyumba ilikuwa na tangi la bluu. Je, anayemwonyesha rubani njia ni sawa na anayesukuma? Sikumuuliza mama yake. Yeye, kila tuliposikia muungurumo, alitoka uani badala ya kujificha chini ya ngazi, akaangalia juu.

"Mama Idris, mwambie mwanao leo apite mbali!" jirani alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. Bomu lilikuwa limemwulia kaka yake.

"Mwambie wewe, una sauti kubwa," alijibu Mama Idris bila kushusha macho.

Siku yenyewe ghala la mafuta lilikuwa linaungua na moshi ulikuwa umefunika kaskazini yote. Ndege moja ilikuwa inatujia. Nyingine ilikuwa imemaliza mabomu yake, inageuka ndani ya moshi ili irudi.

Nilikuwa mlangoni. Niliziona zote mbili zikitokeza.

Zilikwenda polepole mno.

Nilidhani moja ingepanda. Haikupanda.

Bawa liligusa mkia. Hatukusikia kitu. Bawa lilikatika na kuanza kuzunguka peke yake, liking'aa kila lilipokutana na jua, kana kwamba halina uzito wowote. Ndege moja iliinama. Nyingine ilifunguka katikati. Ndipo sauti ikatufikia, na milango yote ya mtaa ikatetemeka.

Vitu vidogo vilikuwa vinaanguka. Baadhi yao walikuwa watu.

Nimekulia chini ya mlima, nimezoea kuinua macho, lakini siku ile nilihisi kwa mara ya kwanza kwamba anga ina kina, kwamba mtu anaweza kuzama ndani yake kwa muda mrefu kabla ya kufika chini. Nilisahau kuogopa. Nilisimama tu, mdomo wazi, kama mtu aliyeingia mahali asipopaswa kuingia.

Ziliangukia ng'ambo ya mto, kwenye mashamba ya mtama, ambako mapigano hayakumruhusu mtu kufika.

Mtaani wanawake walipiga vigelegele. Sikuwalaumu, ndege ile ilikuwa inakuja kwetu. Mama Idris alibaki uani, kiganja juu ya macho.

Baadaye rafiki wa Idris wa kambini alipiga simu. Idris alikuwa kwenye ile iliyokuwa inakuja.

Mama yake aliuliza swali moja tu. "Alijua ni mtaa wetu?"

Rafiki yake alisema hajui.

Nilipopata nafasi kwenye basi la kwenda mpakani, Mama Idris alikataa kufuatana nami. Alisema akipanda juu ya paa anauona ule mtama.

Kwetu mtu akinusurika, familia yake hupeleka shukrani kanisani: ndizi, maziwa, kuku. Mwinjilisti husoma sababu, watu huimba, kisha vitu hunadiwa nje na kununuliwa kwa vicheko. Nilipofika nyumbani, mama yangu alichagua mkungu mkubwa kuliko yote shambani. Maneno aliyomwandalia Mwinjilisti ndiyo yaliyonishinda: tunamshukuru Mungu aliyeangusha ndege za adui.

"Mama, hilo la adui litoke."

"Walikuwa wanakuja kukuua, Elia. Niwaiteje? Wageni?"

"Idris alikuwa humo."

Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kilisimama. "Si ulisema amekufa vitani?"

"Ndiyo vita yenyewe, mama."

Alirudi kumenya ndizi. Nami nikabaki nikijiuliza. Nisipokwenda, nitakuwa nimemnyima mama furaha aliyoiombea kwa magoti. Nikienda, nitasimama mbele ya watu kushangilia kifo cha Idris. Na kama ndege zile zisingegongana, pengine leo mama yangu angekuwa mahali pa Mama Idris. Kila nilipoondoa jambo upande mmoja wa mizani, upande wa pili ulizidi kuwa mzito.

Jumapili nilikwenda. Mwinjilisti alianza kusoma. Alipofika "aliyeangusha ndege za," mama aliinua mkono.

"Samahani, Mwinjilisti. Ishia hapo."

"Niishie hapo vipi, mama, na sentensi haijaisha?"

Watu wakacheka.

"Sema Mungu ametuachia huyu. Na walioanguka walikuwa watoto wa watu. Mmoja wao aliniamkia kwenye simu."

Vicheko vikakatika. Mwalimu wa kwaya aliweka vidole kwenye kinanda, akamtazama Mwinjilisti, akaviondoa.

Baada ya ibada walinadi kuku na mayai ya wengine. Mnadishaji alipoufikia mkungu wetu aliutazama kidogo, akaupita. Hakuna aliyejua kama ulikuwa wa shukrani au wa msiba. Mama akasema tuuache palepale.