Pacha wa Pili Hayupo

Shangazi yangu tunamwita Kisiki, na hakulipata jina hilo bure. Akikataa amekataa. Alikuwa anatunza kumbukumbu za watoto katika zahanati ninapochoma chanjo, na miaka yote alitumia programu huria, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuitazama ndani, kuirekebisha na kumgawia mwenzake. Ikitusumbua, fundi wa kompyuta anakuja, anaitengeneza, tunampa chai, kazi inaendelea.

Basi serikali ikatoa waraka: programu huria marufuku, eti si salama. Wote tutumie ya kampuni moja, iliyofungwa, hakuna kuigusa. Na asiyekuwemo kwenye mashine hachomwi. Haya, ikaja, na balaa lake! Mama akileta mapacha inamwandika mmoja tu; wa pili inamwona ni yule yule kaandikwa mara mbili, inamtupa. Fundi akashika kichwa. "Shangazi, humu siwezi kuingia. Mpaka kampuni." Tukaiandikia kampuni mpaka tukachoka. Kimya. Ndipo Kisiki akairudisha ile ya zamani, mchana kweupe, wala hakujificha.

Mkaguzi wa wizara akatukuta na foleni mpaka nje. Mbele ya Kisiki alikaa mama mmoja na mapacha wake mapajani.

"Bibi, futa hiyo programu, au nenda nyumbani," mkaguzi akasema.

"Nikiifuta, mmoja wa hawa hachanjwi. Akishikwa na surua utamuuguza wewe?"

"Kampuni italishughulikia."

"Lini? Tufungulieni basi tujirekebishie wenyewe."

"Ndani ni siri ya kampuni."

"Siri? Watoto wetu, zahanati yetu, halafu siri yao? Hebu nitokee hapa!"

Nisiseme uongo, moyoni nilifurahi mpaka basi.

Mkaguzi akamwambia kazi hana tena. Akavuta kipanya, akaifuta mwenyewe. Kisiki akachukua mkoba wake.

"Baba, programu hii zahanati zote za jirani zinayo, na hakuna aliyeiiba. Kazunguke ukafute."

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, wachome wote wawili."

"Huyo wa pili hayupo kwenye mashine," mkaguzi akanionya. "Ukimchoma, na wewe huna kazi."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa ananyonya kidole.

"Mapajani kwa mama yake yupo," nikasema, nikavuta sindano.