Safu ya Sababu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kazi ya Homa Bay nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikakalishwa kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Bwana Afisa wa Kazi, mkubwa wangu wa kwanza, alinikabidhi daftari la waliopoteza kazi. Lilikuwa na safu tatu: jina, kazi aliyofanya mtu, na sababu ya kuipoteza. Hiyo ya tatu ilikuwa nyembamba kama kidole.

"Hiyo usiijaze haraka, msichana wangu," aliniambia.

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na nilivyojivunia mwandiko huo, naona aibu kusema.

Baadaye nilihamishiwa Migori, chini ya Mama Msimamizi, aliyetuchemshia chai yeye mwenyewe kwa sababu yetu ilimkera. Huko ndiko wachimbaji dhahabu wa Masara walikotujia na jambo ambalo sikuwahi kuliona. Walikuwa wameanzisha bima yao ya kukosa kazi, wakataka tuwashikie daftari, maana wenyewe kwa wenyewe hawakuaminiana hata kidogo.

Ninyi vijana mkisikia bima mnafikiria hospitali na magari. Hii ilikuwa ya mawe. Kila Ijumaa kila timu ilitenga karai la mawe ya dhahabu, mwenye shimo akaongeza lake, yote yakafungiwa stoo. Shimo likijaa maji, au watu wakipunguzwa, aliyesimamishwa bila kosa alipewa makarai mawili kwa wiki akayasage apate dhahabu ya kuuza, kwa muda wa wiki nane. Hayakumtajirisha. Yalimwekea unga nyumbani, akapata nafasi ya kutafuta kazi inayofaa badala ya kukimbilia yoyote ile. Kila Jumatatu alikuja kuweka sahihi na kueleza ametafuta wapi. Aliyefukuzwa kwa wizi hakupata kitu, wala aliyeacha kazi mwenyewe.

Jumatatu moja akaja Ouma, mchimbaji mwenye watoto wanne. Msimamizi wa shimo lake alikuwa ameshatuletea barua kwamba Ouma ameondoka bila kuambiwa.

"Madam, mbao za kushikilia ukuta zinalia," akasema. "Mimi nimetoka kwa sababu nataka kuishi."

Nikamwuliza kama kuna mtu aliyemsimamisha. Akasema hakuna. Basi nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: ameacha mwenyewe. Hakubishana. Aliomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Wiki iliyofuata alikuja mkewe, Akinyi, kuuliza kama tunaweza kufikiria upya. Unga ulikuwa umeisha, na asubuhi hiyo Ouma alikuwa amerudi shimoni. Mama Msimamizi alisikia kutoka chumba cha pili. Alisoma daftari, akaniuliza kama niliziona hizo mbao. Sikuwa nimeziona.

"Sasa hii sababu umeandika ni ya nani?"

Tulipanda bodaboda sote watatu hadi Masara. Pale mdomoni mwa shimo nilibonyeza nguzo ya kwanza, dole gumba likazama kama kwenye ndizi mbivu. Mama Msimamizi akaamuru watu wote watolewe. Ouma alipopandishwa kwa kamba, uso wote vumbi, alinitazama kwanza mimi.

"Madam, sasa nimeacha mwenyewe tena?"

Nililia mbele ya wanaume wazima.

Nilikata yale maneno, nikaandika: amekimbia hatari. Wachimbaji wakakutana, wakakubali kwamba tangu siku hiyo anayekimbia hatari ahesabiwe kama aliyesimamishwa. Shimo likafungwa mpaka mbao zibadilishwe, na Ouma akaanza kupokea makarai yake.

Nimestaafu sasa, na nakumbuka hata kile kiti cha tofali. Nasikia siku hizi sababu zimepangwa kwenye kompyuta, karani anabonyeza tu moja. Natumaini kuna mtu anayemwuliza kama ameziona mbao.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni Jumatatu ya sita ya Ouma. Nilimsogezea kalamu kama kawaida, akanirudishia. Alikuwa amepata kazi Kosele, ya kununua na kupakia viazi vitamu. Akasema makarai ya wiki tatu zilizobaki wapewe wengine. Nimekusanya sahihi za watu maisha yangu yote, na hiyo ndiyo niliyofurahi kuikosa.