Tela Nililolichomelea kwa Hasira

Kaka yangu amenizidi miaka sita, na asubuhi ile sikumpa shikamoo. Nilimwambia "Habari," kama ninavyomwambia muuza vocha, mbele ya mama yetu aliyekuwa amekaa barazani na fimbo yake. Mama akatazama pembeni. Kaka akajibu, "Nzuri, mwalimu," kisha akalizunguka tela langu mara mbili, akiligongagonga kwa ncha ya kiatu.

Lilikuwa tela la kukokotwa na pikipiki. Nilikuwa nimeliunda mwenyewe uani kwangu, hapa Masasi, kwa ringi mbili za pikipiki iliyokufa, mabomba ya maji ya chuma na mbao za kitanda cha zamani. Mashine ya kuchomelea niliazima kwa jirani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kuchomelea nilijifunza kwa kutazama watu na kwa kuungua vidole. Fundi wa ukoo ni kaka. Ameajiriwa kwenye karakana moja upande wa Ndanda, na nililiunda tela lile mwanzo hadi mwisho bila kumwuliza neno hata moja. Hiyo ilikuwa nusu ya raha ya kuliunda.

Sababu ya tela ilikuwa mama. Masika ya mwaka uliotangulia aliteleza akitoka kisimani kule kijijini Lupaso, akavunjika nyonga. Gari halikupatikana. Tukampakia kwenye bodaboda, dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nimemshikilia kiunoni. Kila tulipoingia kwenye shimo alilia kwa Kimakua, akimwita mama yake aliyekwisha kufa zamani. Mimi nilimpigia kaka simu mara saba. Iliita, haikupokelewa. Alifika hospitalini siku ya tatu, na mfuko wa machungwa.

Mama alipona, ila mguu mmoja ukawa mfupi, akahamia kwangu mjini. Nami nikaanza kukusanya vyuma. Nilitaka kiwepo kitu ambacho mgonjwa anaweza kulazwa juu yake akavutwa hadi barabara kubwa. Pia nilitaka kaka akione kitu hicho kila anapokuja kusalimia.

Wazo la kwenda kulijaribu na kaka halikuwa langu. Ni mama aliyesema, "Pakieni mzigo, mwende wote wawili mpaka Newala, mkalale huko siku moja, mrudi. Likivunjika mtajua. Na nyie mkivunjana mtajua vilevile. Mimi nimechoka kuwapikia watu wasiotazamana."

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa saba tukaondoka. Hema niliazima shuleni, la skauti. Kwenye tela tulipakia hema hilo, madumu mawili ya maji, mkaa, sufuria, unga, samaki wakavu na mikeka. Niliendesha mimi, kaka akakaa nyuma yangu, na tangu tunatoka mjini hakunyamaza.

"Linakuvuta kushoto."

"Nalisikia."

"Hukupima ekseli. Umekadiria kwa macho."

"Nimepima."

"Kwa rula ya ubaoni?"

Nikaongeza mwendo, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimepima kwa rula ya ubaoni.

Tulipoanza kupanda mlima wa kwenda juu Newala, pikipiki ilinguruma kwa gia ya kwanza, na kwenye kona moja nilihisi mzigo unaturudisha nyuma. Kaka alishuka akasukuma. Nilimsikia akihema nyuma yangu na nikafurahi. Tulipofika juu alifuta jasho, akainama pale tela linaposhikana na pikipiki, akapitisha kidole kwenye mchomeo wangu.

"Huu umekaa juujuu," akasema. "Moto haukuingia ndani ya chuma. Umepaka, hukuchomelea."

"Limepanda mlima au halijapanda?"

"Limepanda."

"Basi."

Tulipiga kambi nje ya mji, kwenye ukingo ambapo uwanda unakatika ghafla na chini unaona bonde mpaka upande wa mto Ruvuma. Shamba lilikuwa la bibi mmoja aliyekuwa akisimamia vibarua wakipuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatusikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mna nyumba," akasema, "na mjini kuna gesti, nanyi mnataka kulala hapa kwenye upepo?"

"Tunajaribu tela, bibi."

"Mnalijaribu kwa kulala?" Akacheka, akaturuhusu, akatuonya tusiwashe moto karibu na miti yake.

Upepo wa kule juu mwezi wa saba hauna adabu. Hema lilitutoroka mara mbili. Kaka alishika upande mmoja, mimi mwingine, na kila mmoja alivuta kana kwamba adui yuko upande wa pili. Jua lilikuwa bado halijazama tulipokaa kusonga ugali, na hapo ndipo nilipomwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza waziwazi.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

Hakujifanya haelewi. "Nilikuwa kazini."

"Na simu?"

"Nilikuwa nayo mfukoni."

Nikaacha kusonga. "Uliziona?"

"Zote saba."

Ugali ulianza kuungua, harufu ikapanda. Yeye alichukua mwiko mkononi mwangu, akaendelea kusonga, na akazungumza akiwa anaitazama sufuria.

"Niambie lini uliwahi kunipigia simu kunisalimia. Tangu baba afariki, ukipiga ni mpaka wa shamba, ni nani kaangua korosho upande wa nani, ni matusi. Nilipoona jina lako nikasema leo sina nguvu za kutukanwa. Ulipopiga mara ya pili nikajua umekasirika zaidi. Ya saba nikazima sauti."

"Mama alikuwa analia barabarani."

"Sikujua. Ungeandika ujumbe. Maneno mawili tu, mama kaanguka. Hukuandika."

Nilikuwa na mama mikononi, ningeandikaje? Lakini nilikumbuka kwamba kabla bodaboda haijafika nilikaa nusu saa nzima kando yake, na katika nusu saa hiyo nilikuwa nabonyeza jina la kaka tu, tena na tena, nikipanga nitakavyomfokea akipokea. Hilo sikumwambia. Nililala nimempa mgongo, na hasira yangu badala ya kupungua iliongezeka, kwa sababu sasa haikuwa na mahali safi pa kusimama.

Asubuhi, baada ya kukunja hema, kaka alitandika mikeka yote miwili ndani ya tela. Kisha akajilaza juu yake, chali, miguu imening'inia nyuma.

"Kama ni la wagonjwa, lijaribiwe kwa mtu," akasema. "Mzigo hausemi unapoumia. Endesha."

Mbao za pembeni alizishika kwa mikono yote miwili. Bibi mwenye shamba alitutazama tukipita, na safari hii hakucheka.

Mwanzo niliendesha vizuri. Nataka hilo lijulikane. Nilikwepa mashimo, nilipunguza mwendo kwenye matuta, na nyuma yangu kaka aliniambia kwa sauti ya kawaida tu mambo ya kurekebisha: linadunda sana, liwekwe springi, pa kulaza kichwa painuliwe. Kisha tukaacha lami na kuingia njia ya vumbi aliyotaka tuijaribu, yenye makorongo yaliyochimbwa na mvua. Kwenye shimo la kwanza, nyuma yangu, kaka alicheka. Labda alicheka kwa kushtuka. Mimi nilisikia kicheko, na kiganja changu kikakaza mafuta.

Sikupunguza. Shimo la pili nililiona, nikaliingia. La tatu nililifuata. Nilikuwa nikisema moyoni, lia basi, lia tusikie. Nilimsikia akipiga mbao kwa mgongo, kichwa, kiwiko. Hakulia. Hakuniambia punguza. Ukimya wake ndio ulionitia wazimu zaidi, mpaka chuma kilipolia badala yake. Mchomeo ulikatika, tela likachomoka, likapiga pua chini na kupinduka kwenye korongo.

Nilisimama mbali kidogo. Nilirudi kwa miguu, na sitasema nilikimbia. Kaka alikuwa amekaa kwenye vumbi, ameshika mbavu, damu inamtoka mdomoni alipojing'ata.

"Umefanya makusudi," akasema.

"Ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa majibu ya kipimo aliyokuwa anayasubiri. Kisha akanyoosha kidole kwenye chuma kilichokatika. "Angalia. Juujuu. Nilikwambia."

Ilitubidi kulifunga tela kwa kamba na kulivuta polepole mpaka Masasi, yeye amekaa nyuma yangu bila kunigusa, akijishikilia kwenye keria. Mama alituuliza limefanyaje. Nikafungua mdomo, lakini kaka akawahi.

"Linahitaji springi, mama. Na kule mbele pachomelewe upya. Niliteleza nikaanguka, ni uzembe wangu."

Hakuniangalia alipokuwa anasema, na sikuhisi kwamba amenihurumia. Alikuwa ananinyima nafasi ya kukiri.

Mbavu zake mbili zilikuwa na ufa. Alipoanza kufanya kazi tena alituma mtu kuja kulichukua tela, na likarudi baada ya wiki tatu na springi, godoro la sponji, na mchomeo mnene, uliolala sawasawa. Leo liko Lupaso. Limekwisha kuwafikisha barabarani wajawazito wawili na mzee mmoja aliyeumwa na nyoka, na watu wananishukuru mimi. Sijawahi kuwasahihisha.

Kwa kaka nilikwenda mara moja tu, Jumapili, nikiwa nimekusudia kumwomba radhi. Hakuwepo. Mlango alifungua shemeji, mke wake, na kwa namna alivyosimama nilijua ameambiwa kila kitu. Alinisalimia kwa heshima zote, aliulizia watoto, aliulizia mama. Lakini hakunikaribisha ndani, wala hakuondoa mkono wake kwenye fremu ya mlango. Nikasimama juani mpaka salamu zikaisha, nikaaga, nikaondoka.