Neno Nililolifuta kwenye Chupa za Rozela

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Shinyanga, Bwana Afya Mkuu alinipa koti jeupe lililonipwaya na chupa ya juisi ya embe, akaniambia niisome. Nikasoma jina, viambato na tarehe ya kuisha muda. Akacheka. "Umesoma kama mtoto wa darasa la pili. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Cha kwanza hapo ni nini?" Maji. Cha pili sukari. Embe lilikuwa la nne, baada ya rangi. "Basi hayo ni maji yaliyosikia habari za embe," akasema.

Alinifundisha pia madai, yaani yale maneno ya kujisifu: haina sukari, inatia nguvu. Dai lisilo na cheti cha maabara halisimami. "Dai la uongo tunalifuta," alisema. "Juisi yenyewe ikiwa safi, mwache mama wa watu auze." Agizo hilo nililishika miaka yote, hadi nilipohamishiwa Runzewe.

Huko nilipanga chumba kwa Mama Kabula. Binti yake wa pekee, Kabula, alikuwa na mimba ya kwanza. Kliniki walimwambia damu imepungua, wakampa vidonge, navyo vikawa vinamtia kichefuchefu.

Sokoni palikuwa na mama aliyeuza juisi nyekundu ya maua ya rozela, na lebo yake ilisema: Inaongeza damu. Nilikagua jiko lake, safi kabisa. Cheti hana. Nikachukua maka peni nyeusi, tukakaa naye kutwa nzima tukifuta neno lile chupa moja moja. Nilijiona mchapakazi kweli kweli.

Loo! Wiki ileile juisi ikaanza kugombaniwa. Wachimbaji wa dhahabu walisema serikali imeficha jina la dawa iliyomo, tena dawa kali. Chupa isiyo na mstari mweusi ikakataliwa, na yule mama, bila kutumwa na mtu, akaanza kuuchora mwenyewe. Nikawa nikipita mtaani mchana kweupe naona mistari yangu imejipanga kwenye kila dirisha. Nilimpigia simu mkubwa wangu wa Shinyanga, nikamweleza. "Umeshafuta?" akauliza. "Basi, kazi yako imekwisha."

Asubuhi moja nilimkuta Kabula kibarazani, chupa tupu zimepangwa ukutani nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vidonge unameza?"

"Vya nini tena?" Akanitolea ulimi, mwekundu pamoja na midomo. "Si unaona, baba? Damu imenijaa mpaka mdomoni."

Alicheka, halafu akakaa kutafuta pumzi. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Niliviona, Mungu anisamehe. Nikatazama midomo, nikaenda kazini.

Alijifungua mtoto wa kike, akatokwa damu, na aliyokuwa nayo haikumtosha. Akina mama waliomwosha walisema walisugua midomo ile mara tatu, wekundu haukutoka. Walisema kwa kunong'ona, wakaacha kusugua.

Sasa nimestaafu, naishi Ngokolo, hapa Shinyanga. Vijana wa ukaguzi hunijia na kuniuliza ni mkubwa gani aliyenifundisha kazi hasa. Hudhani nitamtaja Bwana Afya Mkuu. Mimi huwatajia Mama Kabula, mama mwenye nyumba wangu, na jinsi nilivyoona aibu mbele yake.

Baada ya mazishi aliniita ndani, akaniwekea chupa mezani.

"Bwana Afya, wanasema ni wewe uliyepiga huu mstari. Hapa palikuwa pameandikwa nini?"

"Kwamba inaongeza damu."

"Na inaongeza?"

"Hapana, mama."

Alinitazama, mjukuu yuko mgongoni mwake, kalala.

"Ulikaa kutwa nzima na kalamu mkononi," akasema. "Kwa nini hukuandika kwamba haiongezi?"