Uso Uliokataa Kupona

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu duka la dawa hapa Ifakara mjini. Ana chunusi. Zimemjaa mashavuni na kwenye paji la uso, nyingine zimetunga usaha, na siku hizi anakula chumbani kwake ili tusimtazame. Kijana wa dukani alimwangalia bila haraka, akampa tyubu ya dawa, akamwambia, "Kitu cha kwanza dada, acha kabisa kupaka mafuta usoni." Mjukuu akaitikia kwa kichwa. Mimi nikatafuta benchi nikakaa. Waliniuliza kama ni presha, nikawaambia ni jua.

Haikuwa jua, mwenzangu. Ngoja nikueleze.

Miaka ile ya hamsini Lipangalala hii ya hapa mjini ilikuwa mashamba, na nyumba moja moja katikati ya mpunga. Nilikaa hapo na bibi yangu, mama yake mama. Wazazi wangu walikuwa kwenye mashamba ya mkonge, mbali, na mimi niliachwa kwa bibi ili nisome. Nikasoma kweli. Nilipomaliza darasa la nne, mwalimu wetu alikuja mwenyewe nyumbani, kaptula imepigwa pasi hadi inasimama, akamwamkia bibi shikamoo, akasema nimepata nafasi shule ya kati ya wasichana, ya bweni, huko upande wa Mahenge. Bibi alimchinjia jogoo. Nakumbuka alivyomsindikiza mpaka barabarani, akirudi anaongea peke yake kwa furaha. Usiku ule nilikula paja la kuku, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mtoto wa kike.

Kabla shule hazijafunguliwa, nikavunja ungo. Kwetu msichana akivunja ungo aliwekwa ndani. Mwali haonekani na wanaume, hapigwi na jua, hasemi kwa sauti. Anakaa kwenye mkeka chumba cha nyuma, anafundwa, anasuka ukili, analishwa, na kila asubuhi anapakwa mafuta mwili mzima, ili siku ya kutolewa atoke anang'aa na watu waseme nyumba ile inajua kutunza. Zamani mwali alikaa ndani hata mwaka. Mapadre walikuwa wamegomba sana juu ya hilo, kwa hiyo wakati wangu wenye watoto wa shule walifupisha, mtoto anaingia likizo, anatoka kabla kengele haijalia. "Utatoka uwahi shule," bibi aliniambia. Najua alikusudia hivyo. Bibi hakuwa mwongo.

Tatizo likawa uso.

Chunusi zilikuwa zimeanza darasani, mbili tatu za kidevuni, hazikumsumbua mtu. Mle ndani zilichachamaa. Bibi alikaanga mbegu za mbarika, akazitwanga, akazichemsha mpaka mafuta ya nyonyo yakaelea juu, akayaengua kwa kata. Harufu yake ilikuwa nzito, ya moshi, ilikaa kwenye kanga na kwenye nywele. Alinipaka kwa kiganja, taratibu, kuanzia miguuni, na uso aliuachia mwisho na kuupaka zaidi, kwa sababu uso ndio watakaoutazama. Asubuhi nikiamka vipele vimeongezeka. Naye akiviona, anaongeza mafuta. Nilikuwa namhurumia. Alikuwa anahangaika kama mtu anayezima moto kwa kuumwagia mafuta ya taa, tena mkono wake ulikuwa laini mno.

Kisha zikaja dawa. Maji ya kuoshea mchele, yaliyowekwa hadi yakachacha, nilinawa asubuhi na jioni. Ndimu na chumvi ndiyo iliyoniliza, nikabana meno kwenye upindo wa kanga maana mwali hapigi kelele. Wavuvi wa Kivukoni walileta mafuta ya kiboko kwenye kopo, na bibi akasema kitu chenye ngozi ngumu vile hakiwezi kukosa dawa ya ngozi. Nilinuka hata kuku walikuwa hawaingii chumbani. Jirani yetu, mama mmoja Mwislamu aliyekuwa rafiki mkubwa wa bibi, aliniletea kombe, maandiko ya zafarani yaliyooshwa kwenye sahani nyeupe. Sisi ni Wakatoliki. Bibi alifikiri kidogo, akanipa ninywe, halafu akanifanyisha ishara ya msalaba ili pande zote zitosheke. Akaja pia mganga wa kike aliyenichanja chale ndogo ndogo juu ya nyusi na kusugua dawa nyeusi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba siumii tena. Wembe nilikuwa nauona, damu naiona, lakini ni kama anachanjwa mtu aliyekaa karibu yangu.

Kati ya zote, moja ilifaa. Yule yule jirani, siku aliyompeleka mtoto wake zahanati ya misheni, alimweleza sista habari zangu, akapewa dawa ya kupaka, ya njano, inanuka kiberiti. Nilipaka. Vipele vikaanza kunywea. Ila ngozi nayo ikakauka na kubanduka, vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, na bibi alipoona hivyo alishtuka. "Inamchuna mtoto," alimwambia jirani. "Mwali hatoki na ngozi kavu, watu watasema nilimnyima mafuta." Jirani akajibu polepole, "Lakini dada, si unaona vinapungua?" Bibi akaitupa dawa jalalani, akanipaka nyonyo mara mbili siku hiyo. Nilikuwa nasuka ukili. Niliendelea kusuka.

Shule zikafunguliwa. Mwalimu alikuja, akasimama uani, mimi nikamsikia kupitia ukuta wa fito. Lori la kupeleka watoto lilikuwa linaondoka wiki ile. Bibi akamwambia naumwa uso, sijawa wa kutoka. Kwake ilikuwa hivi: mwali akitolewa na uso mbovu, unabaki mbovu, maisha yote, na shule haiwezi kumwozesha mtu. Mwalimu alisihi kwa adabu. Mwanamume hawezi kuomba kumwona mwali, na yeye hakuomba. Akasema atawaeleza masista kwamba mtoto ni mgonjwa wa ngozi, labda watamshikia nafasi kidogo, lakini bibi ajue kwamba masika yakishika, mto utafura, na pantoni ya Kivukoni, ya kwendea Mahenge, itasimamishwa, hakutakuwa na wa kuvuka.

Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema kupitia ule ukuta, mwalimu, mimi mzima. Sikusema. Mwali hasemi. Na ukweli mwingine ni kwamba sikuwa nasikia kitu chochote ndani yangu, si hasira, si huzuni. Chakula kilikuja, nikala. Mafuta yalikuja, nikapakwa. Ukili ulikuwa unarefuka.

Masika yalishika. Mvua ya bonde letu unaijua, inanyesha mpaka unasahau kwamba kulikuwa na ukimya. Vyura, paa linalovuja, moshi usiotoka. Mwalimu alirudi, kalowa, akasema maji yamepanda, pantoni imefungwa, na nafasi amepewa msichana mwingine. Bibi akamwambia, "Ahsante mwalimu, Mungu ndiye anayepanga." Akamkaribisha uji, akanywa, akaaga. Bibi aliingia chumbani kwangu na bakuli la nyonyo kama kawaida. Hakunitazama machoni. Alinipaka miguu, akanipaka mikono, na usoni akapaka haraka haraka, akatoka.

Ngoja sasa nikwambie nilivyotoka. Mpunga uliiva. Kware hawana neno, lakini ndege wale wadogo wanaokuja kwa makundi wanaweza kumaliza shamba kabla hujapata hata debe la mbegu, na bibi hakuwa na mtu wa kuwinga. Basi nikatolewa. Ngoma ilichezwa, pombe ikanywewa, nikapakwa unga wa mchele usoni, mweupe, mzito, na wanawake wakapiga vigelegele wakisifu miguu yangu na mgongo wangu. Kesho yake nilinawa unga, nikaenda shambani na kombeo. Uso ulikuwa vile vile nilivyoingia nao, au mbaya zaidi. Miezi yote ile, dawa zote zile, na kilichonitoa ndani ni ndege.

Sikatai kwamba shambani kulikuwa kuzuri. Harufu ya mpunga unaotaka kuvunwa, upepo unatoka upande wa milima ya Udzungwa, na wanawake wa shamba la pili wakikaanga mpunga mchanga na kuutwanga pepeta, wakatuita tule ikiwa bado ya moto. Hapo ndipo mwalimu aliponikuta. Alikuwa anapita na baiskeli kwenye njia ya pembeni, anaisukuma kwa sababu ya matope. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo mwalimu. Akaitikia marahaba, akataka kuendelea, kisha akasimama. Aliniangalia usoni muda mrefu kuliko desturi. Nadhani alikuwa amejiandaa kuona kidonda kikubwa, ugonjwa wenye jina la kuogopwa.

"Ni hivi tu?" aliniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Chunusi?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akainamisha kichwa, akashika tena baiskeli yake. Mimi nikarusha jiwe, ndege wakaruka, wakatua mbele kidogo.

Mambo hayo yote hayapo. Pale tulipolima mpunga pamejengwa nyumba za matofali za kupangisha, na mto unavukwa kwa daraja, gari halipunguzi hata mwendo. Mwali siku hizi anachezwa Jumamosi moja, kwa spika, na Jumatatu yuko darasani, jambo ambalo nalifurahia kuliko ninavyoonyesha. Kusoma nilijisomea baadaye, ukubwani, kidogo kidogo, magazeti na vitabu vya kanisani. Si kitu kile.

Uso ulipona wenyewe. Hakuna dawa. Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, ninachota maji, nikainama kwenye ndoo nikajiona: shavu safi, kidevu safi, makovu ya chale tu juu ya nyusi. Sijui ulikuwa umepona tangu lini. Niliacha ndoo pale pale nikageuka kukimbilia nyumbani nimwite bibi, nikapiga hatua kadhaa ndipo nikakumbuka kwamba tulishamzika. Nilitaka nimwonyeshe afurahi. Na nilitaka nimuulize kwa nini. Nimezeeka sasa kuliko alivyokuwa yeye, na bado sijui ningeanza na lipi.